Rowntree: Tajiri Aliyehesabu Maskini

Hakuna neno linalotajwa mara nyingi zaidi katika hotuba za viongozi wetu, katika ripoti za wafadhili na katika insha za wanafunzi kuliko umaskini. Hata hivyo, ni wachache mno wanaojiuliza umaskini huo hupimwa vipi. Tunapoambiwa kwamba Wakenya 36 katika kila 100 walikuwa maskini kulingana na uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015/16, ni nani aliyekata shauri kwamba huyu ni maskini na yule si maskini? Tena, mtoto aliyehesabiwa miongoni mwa maskini mwaka huo, alikuwa katika hali gani mwaka uliotangulia, na mwaka uliofuata alikuwa wapi?

Maswali haya mawili yana historia, na katika historia hiyo jina moja haliwezi kurukwa. Ni jina la Benjamin Seebohm Rowntree, aliyezaliwa katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 7 Julai 1871 na kufariki tarehe 7 Oktoba 1954. Nimeonelea nisimulie maisha yake leo kwa sababu mambo aliyoyagundua zaidi ya karne moja iliyopita yanahusu moja kwa moja namna tunavyogawa basari na mikopo ya masomo hapa kwetu, na kwa sababu tumechukua nusu moja ya ugunduzi wake na kuitupa nusu ya pili.

Mimi si mwanauchumi. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na huenda msomaji akashangaa ni nini kilichonipeleka katika hesabu za shilingi na peni. Lakini mwanaisimu hana budi kutazama namna neno linavyoweza kuifunika hali halisi. Tukisema watoto maskini, masikio yetu husikia kundi lenye mipaka, kama vile tusemavyo watoto wa kike au watoto wa darasa la nne. Tunasahau kwamba lugha yetu ina vitenzi kufukarika na kutajirika. Kiswahili kimejua tangu kale kwamba ufukara ni jambo linalomfika mtu na linaloweza kumwondokea, na wahenga walituachia methali kwamba mpanda ngazi hushuka. Rowntree alikuwa mmoja wa watafiti wa kwanza duniani kulionyesha jambo hilo kwa takwimu, na aliyemfungua macho ni mtoto.

Alizaliwa katika nyumba ya neema. Baba yake, Joseph Rowntree, alikuwa mwenye kiwanda cha kakao na chokoleti ambacho kilikuja kuwa mojawapo ya viwanda vikubwa vya aina hiyo nchini Uingereza. Jamaa hii ilikuwa ya madhehebu ya Quaker, madhehebu ambayo wasomaji wetu wa magharibi mwa Kenya wanayajua vizuri tangu wamisionari wake kutoka Marekani walipofika Kaimosi mwaka 1902. Quaker wa Uingereza walikuwa wamezuiwa kwa muda mrefu kupata shahada katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, na wengi wao wakaelekeza akili zao katika biashara. Utajiri walioupata waliutazama kama amana. Joseph mwenyewe, alipokuwa kijana, alizuru Ireland mwaka 1850 akaona kwa macho yake athari za njaa kuu iliyoiangamiza nchi hiyo, na baadaye akaandika kuhusu wingi wa mafukara katika nchi yake.

Seebohm, kama alivyozoeleka kuitwa, alisoma katika shule ya Quaker ya Bootham mjini York, kisha akajifunza kemia kwa muda mfupi katika Chuo cha Owens, Manchester. Mwaka 1889 alijiunga na kiwanda cha baba yake, na mwaka 1897 akawa mmoja wa wakurugenzi wake. Mafunzo yale ya kemia si jambo la kupitwa haraka. Mkemia hazoei kuridhika na maneno kama kingi au kidogo, hutaka mizani. Siku za Jumapili Seebohm alikuwa akifundisha watu wazima katika madarasa ya ngumbaru mjini York, na huko alizungumza na vibarua na kujua nyumba zao. Mwaka 1895 alizuru mitaa ya mabanda ya mji wa Newcastle, na aliyoyaona huko yalimkaa moyoni.

Wakati huo tajiri mwingine, Charles Booth, mwenye meli, alikuwa akiendelea na uchunguzi mkubwa wa maisha ya watu wa London. Booth alikuwa ametangaza kwamba karibu theluthi moja ya wakazi wa jiji hilo, yaani asilimia 30.7, waliishi katika umaskini. Waingereza wengi walijifariji kwa kusema kwamba London ni London: jiji kubwa mno, lililojaa wageni na walevi, wala haliwezi kuwa kielelezo cha nchi nzima. Rowntree alijiuliza kama mji wa kawaida kama York, wenye watu wapatao 75,000, kanisa kuu la kale, reli na viwanda, ungetoa jibu tofauti.

Katika msimu wa vuli wa mwaka 1899 alianza kazi. Hakuchagua nyumba chache za mfano. Alitaka kila nyumba ya familia ya wafanyakazi wa mshahara itembelewe, na akamwajiri mtu wa kupita mlango hadi mlango huku watu wengine wakijitolea kusaidia. Familia 11,560 ziliandikwa, zenye watu 46,754. Iliandikwa kazi ya baba, idadi ya vyumba, kodi ya nyumba, idadi ya watoto na umri wao. Habari za mishahara zilitafutwa pia kwa waajiri.

Kisha likaja swali gumu: mstari uchorwe wapi? Hapo ndipo mkemia alipojitokeza. Rowntree alichukua matokeo ya utafiti wa lishe uliofanywa na Mmarekani W. O. Atwater, akakadiria kiasi cha chakula anachohitaji mwanamume afanyaye kazi, mwanamke, na mtoto wa kila umri. Akatafuta bei ya chini kabisa ya chakula hicho sokoni York. Orodha yake ya chakula haikuwa na nyama ya buchani hata kidogo, na ilikuwa duni kuliko chakula walichopewa mafukara katika nyumba za serikali. Akaongeza kodi ya nyumba, mavazi ya lazima, kuni na mwanga. Jumla, kwa familia ya baba, mama na watoto watatu, ilifika shilingi 21 na peni 8 kwa juma: chakula shilingi 12 na peni 9, kodi shilingi 4, na mengineyo shilingi 4 na peni 11.

Wanafunzi wangependa kujua kwa nini aliuweka mstari chini kiasi hicho. Hakuwa mkatili. Alijua kwamba wapinzani wake wangedai kuwa maskini ni watu wasiojua kutumia pesa. Basi akaweka kipimo ambacho hakuna mtu angeweza kukiita cha anasa, na akakieleza kwa uwazi ambao bado unatia uchungu. Familia inayoishi kwa kiasi hicho haiwezi kupanda gari la moshi wala basi. Hainunui gazeti. Haiwezi kumwandikia barua mtoto aliye mbali kwa kuwa stempu ni gharama. Haitoi sadaka kanisani, haiweki akiba, haijiungi na chama cha kusaidiana. Mtoto hapati hata peni ya kununulia mwanasesere au peremende. Baba havuti sigara wala hanywi pombe, na hathubutu kukosa kazini hata siku moja. Linapotokea lolote kati ya hayo, linalipiwa kwa chakula, na mara nyingi ni chakula cha mama na cha watoto.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1901 katika kitabu chake kuhusu umaskini na maisha ya mjini. Watu 20,302 wa York walikuwa maskini, yaani asilimia 27.84 ya wakazi wote wa mji. Kati yao, 7,230 walikuwa katika umaskini alioupa daraja ya kwanza: hata wangetumia kila peni kwa busara ya malaika, pesa zao zisingetosha kuhifadhi afya ya mwili. Wengine 13,072 walikuwa katika umaskini wa daraja ya pili: mapato yangetosha lau sehemu yake isingalikwenda kwenye matumizi mengine, ya maana au yasiyo na maana. Mji mdogo wa York haukuachana sana na London.

Lakini pigo lenyewe lilikuwa katika sababu. Rowntree alipowachambua watu waliokuwa katika umaskini wa daraja ya kwanza, alikuta kwamba zaidi ya nusu, asilimia 51.96, walikuwa wa familia zenye mchumaji aliye kazini kila siku, ila ujira wake ulikuwa mdogo. Asilimia 22.16 walikuwa wa familia zilizolemewa na wingi wa watoto. Asilimia 15.63 walikuwa wa familia zilizofiwa na mchumaji. Ukosefu wa kazi ulikuwa asilimia 2.31 tu. Ile hadithi ya kwamba maskini ni mvivu ilivunjika.

Rowntree aliwapima watoto pia. Katika shule za York alilinganisha urefu na uzito wa watoto kutoka mitaa mbalimbali ya wafanyakazi. Wavulana wa miaka 13 kutoka familia fukara kabisa walipungukiwa na inchi tatu na nusu walipolinganishwa na wenzao wa familia za wafanyakazi zilizojiweza. Katika mtaa ulio fukara zaidi, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa, 247 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Katika familia zenye uwezo wa kuajiri watumishi idadi hiyo ilikuwa 94. Naomba tuzikumbuke inchi hizo tatu na nusu, maana tutazirudia.

Sasa ndipo tufikie sehemu ya kitabu ambayo naiona kuwa ya thamani kuliko zote. Alipokuwa akipanga familia zake kwa umri wa watoto, Rowntree alitambua kwamba maskini aliowahesabu hawakuwa kundi moja linalokaa mahali pamoja daima. Walikuwa kama abiria wa kivuko: wengine wanashuka, wengine wanapanda, na mtu anayetazama kutoka mbali huona tu kwamba chombo kimejaa. Akachora mstari wa maisha ya kibarua wa kawaida tangu kuzaliwa hadi kufa, na mstari huo ulipanda na kushuka mara kwa mara.

Kibarua huyo huzaliwa na kukua katika dhiki, kwa sababu baba yake ana midomo mingi ya kulisha na mshahara mmoja. Dhiki hulegea yeye au ndugu zake wakubwa wanapofika umri wa kuchuma, yapata miaka 14. Hapo huwa na kipindi cha nafuu, wakati yeye mwenyewe anapata ujira na bado hana jamaa yake. Huoa. Mradi watoto ni mmoja au wawili, hali huweza kuvumilika. Wanapoongezeka, familia huzama tena na kubaki chini ya mstari mpaka mtoto wa kwanza aanze kazi. Kisha huja nafuu ya pili, watoto wakiwa wanachuma na bado wanakaa nyumbani. Hatimaye watoto huondoka, nguvu huisha, na uzee humrudisha mzee katika ufukara mpaka kaburini. Vipindi vitano, vya dhiki na faraja kwa zamu.

Tazama jinsi vipindi hivyo vinavyoangukia. Mtu huwa maskini anapokuwa mtoto, wakati mwili wake unajengwa. Mwanamke huwa maskini katika miaka ile ile anayozaa na kunyonyesha. Kwa hiyo, asema Rowntree kwa maana yake, wale 7,230 ni wale tu waliokutwa chini ya mstari wakati wa kuhesabu. Idadi ya watu waliopata kupita chini ya mstari huo wakati mmoja au mwingine maishani mwao ni kubwa kuliko hiyo kwa mbali. Na mtoto aliyetoka katika dhiki akiwa na miaka 14 anatoka na mwili uliokwisha kupungukiwa. Takwimu za mwaka ule zitamwita asiye maskini, ilhali zile inchi tatu na nusu hazirudi.

Kitabu kilisomwa sana. Winston Churchill, wakati huo mbunge kijana, alikisoma mwaka ule ule wa 1901 kikamtikisa. Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini vilikuwa vimefichua kwamba vijana wengi wa Kiingereza waliotaka kuingia jeshini hawakufaa kwa udhaifu wa miili. Mwaka 1906 ilipitishwa sheria iliyoziruhusu serikali za wilaya kuwapa watoto wa shule chakula, na mwaka 1908 ikaja sheria ya malipo ya uzeeni. Sitasema kwamba Rowntree peke yake ndiye aliyeyaleta hayo, lakini kitabu chake kilikuwa miongoni mwa vilivyowafunga midomo wapinzani. David Lloyd George, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alimfanya mshauri wake.

Katika kiwanda chao Rowntree alijaribu kutenda aliyoyahubiri. Palikuwa na daktari wa wafanyakazi, mpango wa pensheni ulioanza mwaka 1906, na baadaye wiki ya kazi ya saa 44. Alikuwa mwenyekiti wa kampuni tangu mwaka 1923 hadi 1941. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliongoza idara ya maslahi ya wafanyakazi katika wizara ya silaha. Mwaka 1918 alitoa kitabu kuhusu mahitaji ya mfanyakazi, akidai kima cha chini cha mshahara kimtoshe mtu mwenye mke na watoto watatu, na kwamba serikali itoe posho kwa watoto wanaozidi hao. Alipoambiwa kwamba familia kubwa ni chache, alijibu kwa hesabu ile ile ya mwendo: familia zenye watoto wengi kwa wakati mmoja ni chache, lakini watoto watakaopitia hali hiyo katika sehemu fulani ya utoto wao ni wengi.

Haki inatutaka tutaje pia upande mwingine. Kakao haikui York. Ilitoka katika nchi za joto, nyingine ikitoka visiwa vya São Tomé na Príncipe vilivyokuwa chini ya Wareno, ambako vibarua kutoka Angola walifanyishwa kazi katika hali isiyotofautiana na utumwa. Kampuni za chokoleti za Quaker, ya Rowntree ikiwemo, zilipeleka mchunguzi, na ilikuwa mwaka 1909 ndipo zilipotangaza kususia kakao ya visiwa hivyo, miaka kadhaa baada ya habari kuzifikia. Mizani iliyopima kwa makini chakula cha mtoto wa York haikufika kwa mtoto wa mkulima wa kakao. Msomaji wa Kiafrika asisahau hilo, ingawa halibatilishi mizani yenyewe.

Mwaka 1936 Rowntree, sasa mtu wa miaka 65, alirudi katika nyumba za York. Safari hii aliinua mstari wake, kwa kuwa alikiri kwamba binadamu anahitaji gazeti, stempu na burudani kidogo. Kwa kipimo hicho kipya, asilimia 31.1 ya watu wa tabaka la wafanyakazi walikuwa maskini. Kwa kipimo kile cha zamani, umaskini wa daraja ya kwanza ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 15.46 ya tabaka hilo hadi 6.8. Na sasa alipiga hatua zaidi katika kupima mwendo: alikadiria kila mtoto angekaa chini ya mstari kwa muda gani. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga wa tabaka hilo walikuwa chini ya mstari, na karibu nusu ya wachanga wote walitazamiwa kubaki huko miaka mitano au zaidi. Miaka hiyo mitano ndiyo miaka ya kujenga mifupa na akili.

Uchunguzi wa tatu aliufanya mwaka 1950, akisaidiwa na G. R. Lavers, na ulichapishwa mwaka 1951. Kufikia hapo serikali ilikuwa imeanza kulipa posho ya watoto, kwa sheria ya mwaka 1945, na bima ya jamii iliyobuniwa na William Beveridge, ambaye Rowntree alipata kumshauri. Matokeo yalikuwa ya kutia moyo: asilimia 2.77 tu ya tabaka la wafanyakazi walikuwa maskini. Wataalamu waliopitia upya fomu zile baadaye walionyesha kwamba hesabu hiyo ilipunguza ukubwa wa tatizo. Hata hivyo, fomu hizo zilileta faida ambayo Rowntree hakuishi kuiona. Katika miaka ya 1970 mwanauchumi Anthony Atkinson na wenzake waliwatafuta watoto wa familia zilizoandikwa mwaka 1950, wakawakuta watu wazima wenye familia zao, wakalinganisha mapato ya wazazi na ya watoto. Kitabu chao cha mwaka 1983 kilionyesha kwamba wengi walikuwa wamepanda, lakini mtoto wa mzazi wa kipato cha chini alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kipato cha chini yeye mwenyewe.

Hapo ndipo udhaifu wa Rowntree unapodhihirika. Alitembelea mji mmoja mara tatu, lakini hakuifuata familia moja mara tatu. Mstari wake wa vipindi vitano aliukisia kwa kuwatazama watu wa umri tofauti katika mwaka mmoja. Ni kama mtu anayetaka kujua mtoto hukua vipi kwa kutazama picha za watoto 10 tofauti. Dawa yake ni kurudi kwa mtoto yule yule. Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani kilianza kufanya hivyo mwaka 1968, na ikagunduliwa kwamba watu wanaogusa umaskini katika miaka 10 ni wengi kupita wanaohesabiwa mwaka mmoja, na kwamba wanaodumu humo ni wachache. Tangu mwaka 2002 utafiti mwingine umekuwa ukiwafuata watoto wapatao 12,000 katika nchi za Ethiopia, India, Peru na Vietnam.

Na kwetu? Mstari wa Rowntree ulifika mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Profesa Edward Batson wa Cape Town, aliyekuwa ameuendeleza mstari huo Afrika Kusini, alisimamia uchunguzi wa maisha ya watu wa Unguja na Pemba. Mwaka 1954, mwaka ule ule aliokufa Rowntree, kamati iliyoongozwa na Carpenter hapa Kenya ilipendekeza kwamba mshahara wa chini wa Mwafrika usihesabiwe tena kwa mahitaji ya kapera bali ya mtu mwenye familia. Hadi leo Shirika la Takwimu la Kenya huanza na kalori, 2,250 kwa mtu mzima kwa siku, kisha bei, kisha mahitaji mengine. Katika uchunguzi wa mwaka 2015/16 mstari ulikuwa Sh3,252 kwa mwezi mashambani na Sh5,995 mijini. Hii ndiyo nusu tuliyoichukua.

Nusu tuliyoitupa ni ile ya kupanda na kushuka. Utafiti uliofanywa na Anirudh Krishna na wenzake katika vijiji 20 vya magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2004, uliwauliza wanavijiji hali ya kila kaya miaka 25 iliyotangulia. Asilimia 19 ya kaya zilikuwa zimetoka katika umaskini. Asilimia 19 nyingine zilikuwa zimetumbukia. Mwenye kutazama jumla pekee angesema hakuna kilichobadilika. Kumbe karibu kaya 4 katika kila 10 zilikuwa zimebadilishana nafasi! Waliotumbukia walisukumwa hasa na magonjwa, gharama za matibabu na gharama za mazishi.

Hebu tulinganishe hayo na taratibu zetu. Mtoto anayetaka basari hujaza fomu anapoingia shule ya sekondari, chifu akatia muhuri, na mara nyingi jibu hilo humfuata miaka yote. Mwaka 2023 serikali ilianzisha mfumo mpya wa kufadhili masomo ya vyuo vikuu, uliowapanga wanafunzi katika makundi kwa kadiri ya uhitaji wa familia zao, na mwaka 2024 makundi yakawa matano. Wengi walilalamika kwamba wamewekwa kundi lisilo lao. Mnamo Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo huo ulikiuka Katiba, na suala likapelekwa rufaa. Mabishano yamekuwa kama kipimo kilikuwa sahihi siku kilipopimwa. Sijasikia wengi wakiuliza kipimo hicho kinadumu kwa muda gani.

Nimewafundisha wanafunzi walioingia mwaka wa kwanza wakiwa wana wa watu wa kipato cha kadiri. Mmoja wao, baba yake aliugua figo alipokuwa mwaka wa pili. Kufikia mwaka wa tatu shamba lilikuwa limeuzwa, ng'ombe wameuzwa, na baba hayupo. Katika karatasi za ofisi kijana huyo aliendelea kuwa mwana wa mtu mwenye uwezo. Aliacha kuhudhuria mihadhara muhula mmoja kabla ya mitihani ya mwisho. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Alipimwa mara moja, basi.

Naona kuna mambo mawili tuyafanye. La kwanza, kila anayegawa basari au mkopo autazame uhitaji upya kila mwaka, na aweke mlango ambao mwanafunzi aliyefiwa au aliyeuguliwa anaweza kuubisha katikati ya mwaka bila kuombwa muhuri wa watu saba. La pili linawahusu walimu. Wanauchumi hutumia mamilioni kuwatafuta watoto wale wale mwaka baada ya mwaka. Mwalimu anawaona kila asubuhi. Anajua ni nani aliyekuja na viatu muhula uliopita na sasa hana, ni nani aliyeanza kukosa siku za Ijumaa, ni nani aliyeacha kula chakula cha mchana. Daftari la mahudhurio, likiongezewa safu mbili tatu na kulindwa lisisomwe na wasiohusika, ni chombo cha utafiti ambacho Rowntree angekionea wivu.

Wanafunzi nao, wanapoandika insha juu ya umaskini, wajizoeze kuandika ni lini ulianza, ulidumu kwa muda gani, na ni kitu gani kilichomtoa mtu au kumsukuma humo. Rowntree alikuwa mtu wa miaka 28 alipoanza kubisha milango ya York. Hakuwa profesa, na elimu yake ya chuo haikufika miaka miwili. Alikuwa na swali, daftari na subira ya kupita nyumba 11,560. Katika shule zetu maswali yapo na madaftari yapo. Waziri wa Elimu na wakuu wa vyuo watuambie ni lini watarudi kubisha hodi mara ya pili katika nyumba ya mtoto waliyempima jana.